Chumba cha Mapumziko

Shoga, ngoja nikusimulie ya leo.

Nilikuwa napiga picha milango ya wodi, kama kila mara Tume yetu ya haki za wagonjwa inapokagua hospitali za magonjwa ya akili. Leo tulikuwa tunaamua kama vyumba vya kufungia wagonjwa vifutwe au vibaki. Mganga mkuu akafungua kimoja. Kilekile walimomfungia kaka yangu alipolazwa hapa!

Eti, "Hiki cha mapumziko tu, binti. Wagonjwa wenyewe wanakipenda." Wanakipenda! Akaingia kutuonyesha godoro.

Nikabamiza mlango, nikatia komeo. Mimi, ninayeogopa hata kupokea simu!

Kwanza alicheka. Kisha akagonga. Kisha mateke.

Mwenyekiti wa Tume akanong'ona, "Umefanya nini, wewe?"

Nikamjibu, "Daktari anapumzika."

Wallahi sijutii. Muuguzi alipokuja kufungua, bwana mkubwa analia: "Nitoeni! Humu hakai binadamu!"