Chuma Kilichobaki Moyoni

Mama Masika, mke wangu,

Mungu aliye hai atukuzwe, na amani yake ikufikie huko Mususa. Hapa Nairobi waganga wa hospitali wamepitisha mrija mwembamba hadi moyoni mwangu, nami nikakiona katika televisheni yao kile kibomba cha chuma walichokiweka mwaka jana kuuzibua mshipa.

Nilishtuka, nikauliza: "Munganga, hii chuma mutaitoa siku gani?"

Akacheka. "Haitolewi, Mzee. Nyama imeshaifunika, umepona. Utazikwa nayo, lakini si leo."

Mama, vita vimetufundisha kwamba chuma kikiingia kifuani hutolewa upesi. Risasi ya mwanetu Kambale hatukuwahi kuitoa, tukamzika nayo. Changu kimebaki, na kwa hicho naishi.

Mungu anayempumzisha Kambale akulinde wewe na wote walio chini ya paa letu.

Mumeo