Jina la Bonde Niliongeza Mimi

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika kwenye meza yako, kwa wino wako uliobaki.

Unakumbuka safari ile ya kuvuka mlima na vijana wako wa kanisa? Mlirudi mmeungua jua, wao wakibishana nani aliteleza mara nyingi zaidi. Ukaketi hapa kunisimulia, nami nikaandika kwa hati nzuri, habari iende kwenye gazeti la misheni kama safari zako zote. "Tukalala juu, penye maji," ulisema, ukapita. Nilidhani umesahau. Shuleni nilifundishwa kwamba habari bila majina ya mahali haijakamilika. Nikaongeza jina la bonde, na njia yake kutoka kijiji cha Mlali. Ukaipeleka bila kuisoma tena, kwa kuwa uliniamini.

Bonde lile halitajwi mbele ya wageni. Nilijua, Baba. Bibi alifichwa kule alipokuwa mtoto, wakati wa wateka watu. Lakini nilifikiri gazeti ni letu, tunasoma sisi kwa sisi.

Vita vya Wazungu vilipotaka wapagazi, vijana wakakimbilia huko. Askari wa Wajerumani wakawafuata moja kwa moja. Waliwaleta kwenye uwanja wa kanisa wamefungwa kamba, na akida akausoma mstari wangu gazetini kwa sauti. Uliniangalia mara moja tu.

"Maneno hayo ni yangu," ukamwambia.

Kisha ukajitwisha sanduku la askari pamoja nao, wala hakuna aliyekuamuru. "Mimi ndiye niliyewafundisha kutembea," ulisema. "Sitabaki."

Masika mawili yamepita bila neno lako. Mjomba, ambaye kwa desturi yetu ya ukoo wa mama ndiye mwenye mimi, akiniona na kalamu hunicheka: "Damu ni yetu, lakini mkono huo ni wa baba yako." Kisimani akina mama wanasema mhubiri aliwauza watoto wao kwa Wadachi. Nami najaza mtungi, nanyamaza. Ninakukana kila asubuhi, Baba, na jogoo hawiki.

Siwezi tena. Sijui kama u hai, wala barua hii haina pa kwenda. Jumapili nitasimama mbele ya mama zao niisome yote, kuanzia shikamoo. Watakalonitenda, wanitende. Wewe wakuachie jina lako.

Ukirudi ukaiona, tazama vizuri: safari hii bonde sikulitaja.

Ni mimi mwanao, uliyenipa kalamu.