Msalaba wa Shaba Kwenye Mlango wa Chumba cha Diski

Kapinga, mwanangu na mwalimu wangu,

Mvua zimeanza Lubumbashi. Ulitutoka wakati wa vumbi, na sasa udongo wa kaburi lako umeshikana na majani yameota pembeni. Nilipita Jumapili baada ya misa, nikasimama pale, nikakosa la kusema. Unanijua. Maneno yangu hutoka vizuri nikiwa na chaki mkononi, au kalamu. Kwa hiyo ninakuandikia.

Nianze na habari za kazi, maana ndizo ungeziuliza kwanza. Kompyuta ni ileile, na kelele zake ni zilezile. Umeme ulikatika mara mbili juzi, tukaiwasha tena salama. Kiti chako kimekaliwa na Mama Ngoie, yule uliyemfundisha mwaka wako wa mwisho. Ameweka kitambaa juu yake ili kisichakae. Mimi nina miezi michache kabla ya pensheni. Na msalaba wako mdogo wa shaba, wa aina ile ambayo wazee wetu waliiyeyusha na kuimimina kwenye mchanga, bado unaning'inia kwenye msumari, mlangoni mwa chumba cha diski. Tulitaka kuuzika pamoja nawe. Mama yako akakataa. Alisema, "Muuache kule, unatumika."

Ninakumbuka siku niliyoingia kwenye jengo lile mara ya kwanza. Nilikuwa nimekufundisha hesabu miaka minne, ukiwa binti mwembamba wa safu ya pili, usiyeridhika na jibu mpaka uione njia yake. Ukaenda Ulaya, ukarudi mhandisi. Mimi nikaacha ualimu kwa sababu kifua kilichoka na vumbi la chaki, kampuni ya migodi ikanichukua kwenye kituo cha kompyuta, chini yako. Nilipofungua mlango ulisimama wima, kama darasani. Wenzako wakacheka. Ukawaambia, "Huyu ni Papa Mwalimu. Nanyi musimame." Wakasimama wote, citoyens na citoyennes, wananchi wa kiume na wa kike kama tulivyoitana enzi zile, nami, huyo baba mwalimu, nikaona haya mpaka masikioni.

Swali langu la kwanza lilikuwa la mtu aliyezoea kuamini macho yake. Mashine ni moja, imejaa chumba kizima. Mnaniambia ndani yake mna mashine sita. Ziko wapi? Hukunicheka. Ulisema kwa Kifaransa zinaitwa machines virtuelles, lakini wewe unaziita mashine za kivuli. Kila anayeketi mbele ya kibodi hupewa kivuli chake, na kivuli hicho huamini kwamba ni mashine kamili, yenye kumbukumbu yake na diski zake yenyewe. Programu moja tu ndiyo inayojua ukweli. Hiyo tuliiita msimamizi.

Na diski? Hapo ulinipeleka kwenye duka la posho la kambi ya wafanyakazi. Mama anafika dirishani, haoni ndani. Anaomba unga wa gunia lake la kwanza. Mwenye duka anatazama daftari: gunia la kwanza la mama huyu ni la themanini kwenye rafu. Anamtuma msaidizi akalichote hilo la themanini, na wakati anasubiri anasikiliza dirisha la pili. Unga ukifika anamkabidhi mama, naye anakwenda zake akiamini duka lote ni lake. Kivuli nacho, ulisema, kikitaka ukurasa, kinatuma ombi kana kwamba kinazungumza na diski yenyewe. Msimamizi analidaka njiani, anabadili namba, analipeleka kwenye diski ya kweli, zile sahani zinazozunguka ndani ya sanduku kubwa kama kabati. Jibu likirudi, anamkabidhi mwenyewe. Kivuli hakijui kwamba kilisimamishwa.

Jibu lilipochelewa nilikuwa na tabia ya kubonyeza tena, na tena. Ukanirudishia maneno yangu mwenyewe ya darasani: "Papa Mwalimu, mikono kwa magoti." Nilikuwa nikiwaambia hivyo mlipokuwa watoto, mkingoja karatasi za mtihani. Uliyasema bila kugeuza kichwa, ukitafuna karanga zako.

Kisha ukanionya kuhusu kushirikiana. Vivuli viwili, au hata sita, vinaweza kupewa diski moja. Vikisoma tu, hakuna ubaya. Hatari iko kwenye kuandika. Nilikuomba unieleze tena, ukachukua mfano wa shuleni kwetu. Walimu wawili wananakili daftari la darasa asubuhi. Kila mmoja anaongeza wanafunzi wapya kwenye nakala yake, kwenye mistari ileile iliyo wazi. Jioni wa kwanza anarudisha yake, halafu wa pili anarudisha yake juu yake. Wanafunzi wa yule wa kwanza wamepotea, na hakuna aliyewafuta kwa makusudi. Diski ndivyo ilivyo. Kila kivuli kinapoifungua kinaweka kichwani nakala ya orodha ya yaliyomo, ukurasa upi una nini na upi uko wazi. Kimoja kikibadilisha, hakimwambii mwenzake. Msimamizi naye anapeleka maombi tu, hasomi kilichoandikwa.

Sisi, kwa haraka zetu, tulikuwa tumempa kila mtu neno la siri la kuandika. Ndiyo maana ukatundika msalaba. Mwenye msalaba mfukoni ndiye anayeandika. Msumari ukiwa mtupu, wengine wote wanasoma. Sheria ya mtoto mdogo, na ilitosha.

Ilitosha mpaka asubuhi ile.

Unajua ninayoisema. Orodha yetu kubwa ilikuwa ya familia: mfanyakazi, mkewe, watoto wake. Asiyekuwa humo hakupata posho, wala hakutibiwa kwenye zahanati ya kambi. Nilikuwa na fomu za watoto waliozaliwa mwezi ule. Nilipofika mlangoni, msumari ulikuwa mtupu. Niliuona, Kapinga. Sikuwahi kukuambia wazi kwamba niliuona. Niliwaza: nizunguke meza hadi meza, mimi mwenye mvi, niwaulize watoto wa rika la wanafunzi wangu ni nani aliye na msalaba, nimwombe? Majina yenyewe ni machache. Nikaketi, nikafungua diski kwa kuandika, nikaandika.

Msalaba ulikuwa kwako. Ulikuwa unawahamisha watu wa kambi moja kwenda nyingine, kazi ndefu, nasi tukawa wale walimu wawili wa daftari moja.

Siku ya pili akina mama walirudishwa kwenye mlango wa zahanati. Nilikwenda mwenyewe, kwa kuwa sikuamini. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni mwenye homa kali, na karani akimwonyesha karatasi: jina lako halimo, la mume wako halimo. Alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Lakini niko hapa. Si muko munaniona?" Muuguzi mzee akamvuta ndani bila kungoja karatasi, na mtoto akapona. Lakini sauti ile bado ninaisikia.

Nilirudi kwako. Ulikuwa umekwisha kuelewa. Ulinifungia mlango, ukasema maneno ambayo mtoto wa watu wenye adabu hayasemi kwa urahisi:

"Papa, nilikuona. Mashine iliniambia kama muntu mungine amefungua. Nikageuka, nikakuona weye. Nikasikia haya. Nikasema, ni mwalimu wangu, atamaliza sasa hivi." Kisha: "Hii mashine haiyue heshima. Haiyue kama weye njo ulinifundisha kuhesabu."

Mashine haikujua heshima, sisi tukaifuata. Hilo ndilo lilikuwa kosa letu, na nadhani ni watu kama sisi tu wanaoweza kulifanya. Mimi niliona haya kuomba, wewe ukaona haya kukataza. Katikati ya haya hizo mbili, familia za watu zikafutika.

Tulipachika kwenye mashine utepe wenye nakala ya diski ya wiki iliyotangulia, kisha kwa siku mbili nikakusomea fomu moja baada ya nyingine, nawe ukaandika. Msalaba ulikuwa shingoni mwako. Kila jina ulilirudia kwa sauti kabla ya kuliingiza. Tulipolifikia jina la yule mama wa homa, ulilitamka mara mbili.

Mkubwa wa idara alitaka jina la mkosaji. Nilijua maana yake: nifukuzwe, nitolewe kwenye nyumba ya kampuni pamoja na mke wangu mgonjwa, pensheni ikiwa karibu hivyo. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Ulinitangulia. "Musalaba ulikuwa kwangu. Ni mimi njo nilikuwa mulinzi wa diski." Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Nilifungua mdomo, ukanitazama kwa jicho ambalo mimi ndimi niliyekufundisha, lile la kunyamazisha darasa. Nikanyamaza. Nimejuta kunyamaza kule, na nimekushukuru kwa kule, vyote kwa pamoja, kila siku.

Kitu kimoja sikukijua mpaka kwenye kilio cha msiba wako. Mama yako aliniketisha karibu naye, akaniambia kwamba kabla ya asubuhi ile ulikuwa umeahidiwa nyumba kule Golf, mtaa wa wakubwa, yenye bustani, na kwamba yeye alikuwa tayari amechagua pa kupanda maharage. Baada ya ripoti ya mkubwa wa idara, jina lako likakatwa. Ulimwambia tu kwamba zamu yenu haijafika. Nilishindwa kumtazama usoni. Akanishika mkono, akasema, "Papa Mwalimu, alirudi nyumbani siku ile akicheka. Alisema amelipa masomo yake." Tangu hapo nimekuwa nikilitafuta neno la kukujibu. Ada yangu haikuwa kubwa hivyo, mwanangu. Ulinizidishia.

Sasa sikiliza habari niliyokuja nayo hasa.

Alhamisi iliyopita nilitaka kusahihisha jina moja. Safari hii haikuwa kiburi, ni usahaulifu wa uzee. Nilipita mlangoni nikiwaza dawa za mke wangu, nikaketi, nikaanza kufungua diski kwa kuandika. Mama Ngoie akasimama kutoka kwenye kiti chako. Chumba kizima kilimsikia.

"Papa Mwalimu. Musalaba iko wapi?"

Hakukaa. Niliondoa vidole kwenye kibodi.

"Iko kwangu," akasema. "Ungojee." Halafu, kwa upole zaidi: "Unisamehe, Papa."

Nilimwambia asiombe msamaha tena kwa neno hilo, si kwangu, si kwa mkurugenzi, si kwa yeyote. Nikaenda kuketi kwenye benchi chini ya msumari, nikangoja karibu nusu saa. Watu walipita wakidhani nimeudhika kwa kuwa macho yalikuwa mekundu. Hakuna jina hata moja lililopotea siku ile. Kwenye ile nusu saa nilikuona wewe, Kapinga, wazi kuliko nilivyokuona kaburini.

Asante kwa kusimama nilipoingia. Asante zaidi kwa kunifundisha kwamba kuna mahali ambapo mwanafunzi hana budi kumsimamisha mwalimu wake, ili mama asiye na kosa asiambiwe kwamba hayupo.

Ninakuahidi hivi. Kwa miezi iliyonibakia, kila asubuhi nitakuwa wa kwanza kuuliza kwa sauti, mbele ya wote, ni nani aliye na msalaba, ili asiwepo atakayeogopa kuniuliza mimi. Na siku ya kuondoka nitamweleza mkubwa wa idara, kwa mdomo wangu, ni nani aliyeandika asubuhi ile.

Pumzika, mwanangu. Zamu yangu ya kuja huko bado, na sibonyezi tena. Mikono iko kwa magoti.

Mwalimu wako, mwanafunzi wako