Madoa kwenye Gari la Ayanle

Ijumaa, 10 Januari 2025

Yamerudi! Jana tu nimeliosha gari, leo boneti nzima ina madoa meupe, kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Kwa kitambaa — wapi. Kwa sabuni — wapi. Gari jeusi na maji ya Wajir! Ayanle angenicheka.

Leo ni siku ya tisini na tisa tangu kaka yangu afe. Alikuja kumwona Mama kwa siku mbili, kifua kikambana, tukamzika hapahapa. Mkewe, Warsan, yuko kwao Waberi, Garissa, amekaa eda. Gari likabaki uani kwetu. Mama na Warsan wameachia mafungu yao ya urithi, kwa hiyo sasa ni la watoto watatu wa marehemu, na mimi ndiye niliyekabidhiwa. Eda ikiisha, Abdiwali, kaka yake Warsan, atakuja kulichukua. Sheikh alinitazama akasema, Shamso, mali ya yatima ni moto. Nikajibu najua, kwa sauti ileile ninayowakemea wanafunzi wanaponijibu nayo.

Haya, waje walikute hivi.

Jumatatu, 13 Januari

Nimemwuliza Kadar, mwalimu mwenzangu wa Kemia. Amefurahi mno — hakuna anayemwuliza Kemia kwa hiari. Si uchafu, anasema. Ni chokaa iliyoyeyuka kwenye maji ya kisima. Tone likikauka, maji yanaondoka, chokaa inabaki. Ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai — ndio huohuo. Na jua likiupiga, unang'ata rangi ya gari.

Kwa hiyo: nisioshe juani. Nioshe alfajiri, bati likiwa baridi. Sehemu moja moja, na nisiache hata tone likauke lenyewe. Kusuuza kwa mwisho kuwe kwa maji yaliyochujwa, yale ya kununua. Halafu taulo laini, papo hapo. Madoa yaliyokwisha kuganda, siki — nusu siki, nusu maji, dakika moja, kisha suuza. Nikauliza kama maji ya mvua yanafaa. Alicheka mpaka walimu wakageuka. Mvua, Januari, Wajir!

Jumatano, 15 Januari

Nimeamka kwa adhana, nikaswali, nikaingia kazini. Siki imenichoma macho. Maka jirani alichungulia juu ya ukuta: "Abaayo, dada yangu, hiyo maji watu wanakunywa, wewe naogesha gari?" Nimeona haya, kwa kweli. Watu wanapanga foleni na madumu na mimi nasuuza magurudumu. Nimemwambia ni amana. Ameguna, akarudi kwake.

Lakini limeng'aa! Nimejiona mlangoni mzima mzima, na mikunjo yangu yote ya miaka arobaini na mitatu. Nimekaa kwenye kiti cha dereva kidogo. Bado kuna harufu yake. Nimelia, kisha nikachelewa kipindi cha kwanza.

Jumamosi, 18 Januari

Madoa. Tena! Sijaligusa tangu Jumatano, na mawingu yenyewe hatujayaona. Ni matone, yamenyunyizwa — boneti, kioo, milango yote minne. Yamekauka vizuri kabisa, kila moja na mviringo wake. Nani ana muda wa kunifanyia hivi?

Ijumaa, 24 Januari

Ni Mama.

Nilirudi mapema leo, nikamkuta uani baada ya Alasiri, jagi lake la plastiki mkononi. Amechota kwenye kisima chetu cha uani, amesoma Qur'ani juu yake, amekunywa funda moja, na analinyunyizia gari. Tahlil. Ndiyo maji tunayomnyunyizia mgonjwa, bibi harusi, hata ngamia kabla ya safari. Nilikimbilia taulo. Akanishika mkono — ana nguvu bado! Usifute, yaache yakauke yenyewe. Ukifuta, umefuta nilichosoma.

Nikamweleza chokaa. Nikamweleza jua. Nikamwambia, Hooyo, mama yangu, msomee mtu, usilisomee bati. Nilikosea kusema hivyo. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Kwamba usiku aliofika, Ayanle alimwomba amsomee, kifua hakimpi raha. Naye alikuwa amechoka. Akamwambia kesho, mwanangu.

Sasa gari hili litawabeba watoto wake kwenye barabara ile ya Garissa. Hatamwambia mtu kesho tena.

Nilirudisha taulo ndani.

Ijumaa, 31 Januari

Nimefanya jambo nililodhani ni la akili. Mama akiwa chooni kutawadha, nilimwaga maji ya kisima, nikajaza jagi kwa yale yaliyochujwa. Asome, anyunyize, yakauke, hakuna doa. Kila mtu apate lake!

Nikasahau lile funda.

Alisoma kwa muda mrefu, nami nimesimama dirishani najipongeza. Akanywa. Akasimama. Akatema. Maji yetu yana chumvi, ameyanywa tangu aolewe, na mimi nilidhani hatajua? Aligeuka akanitazama pale dirishani, akayamwaga yote mchangani, polepole.

Alhamisi, 6 Februari

Siku ya sita hasemi nami. Chakula tunakula sinia moja, upande wake na upande wangu. Tahlil si ya Ijumaa tena. Ni kila siku, na ni baada ya Adhuhuri, saa ile bati linaunguza kidole. Nadhani anahofia nirudi kabla hajamaliza. Nilifunika gari kwa turubai. Nikakuta turubai limekunjwa vizuri juu ya ukuta. Nafuta alfajiri, nimechelewa tayari, yamekwisha kung'ata. Siki haifanyi kitu. Nikipitisha kucha, nasikia kila doa lina shimo lake.

Kadar anasema sasa ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kung'arisha. Hapa hayupo. Amesema nisisugue kwa nguvu. Amerudia mara mbili: usisugue.

Eda inaisha keshokutwa. Abdiwali amepiga simu: wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Aliuliza gari li hali gani. Nikasema, alhamdulillahi.

Jumatano, 12 Februari

Nimesugua.

Kwa stilwaya ya kusugulia sufuria. Sijui nilikuwa nafikiri nini. Nilianza na doa moja, likatoka kweli, nikafurahi kama mwendawazimu nikaendelea, nikaendelea. Povu lilipoondoka, katikati ya boneti kuna kiraka cha kijivu, kipana kama sinia, kimekwaruzwa huku na huku. Si doa hili. Doa ni chokaa. Hili ni mimi.

Mama alikuwa mlangoni. Sijui aliona kiasi gani.

Ijumaa, 14 Februari

Kesho. Sijala. Nimewasomesha kidato cha pili utungaji wa insha ya mazungumzo, na sikumbuki hata sentensi moja niliyosema.

Jumamosi, 15 Februari

Wako nje. Naandika jikoni, mlango nimeurudisha. Chai imechemka na kumwagika.

Wamefika saa nne. Warsan amekuja mwenyewe, sikumtarajia. Amekonda. Amemkumbatia Mama, wamelia pamoja kwa muda. Kisha, kabla hata ya kunywa maji, akatoa zawadi yake: shule zikifungwa Aprili, atawaleta watoto watatu wakae na bibi yao likizo nzima. Mama alishika kichwa kwa mikono miwili. Alicheka! Sijamsikia akicheka tangu Oktoba.

Halafu Abdiwali akaondoa turubai.

Alizunguka gari mara mbili. Alipitisha kiganja kwenye madoa, akafika kwenye boneti, akasimama. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema, Shamso, hii ni mali ya yatima. Madoa naelewa, maji yenu nayajua. Lakini hapa mtu amekwaruza. Nani?

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Mama akanitangulia.

"Ni mimi. Kila siku nalimwagia maji, halafu nimesugua na ile ya sufuria."

Mama, asiyesema uongo hata wa kumfukuza mgeni! Alisimama pale na tasbihi mkononi, akasema uongo ulionyooka, na hakunitazama. Na mimi nikasema — nimeyaandika ili nisije nikajidanganya baadaye — nikasema, ngoja nilete chai.

Dirisha la jikoni linatazama walikosimama Abdiwali na Warsan. Abdiwali anazungumza chini chini. Kwamba mama mzee huyu msiba umemla akili. Kila siku anamwagia gari maji, sasa analisugua na chuma, na hata haoni kama amefanya kosa. Leo ni bati. Aprili itakuwa nini, huku mtoto mdogo ana miaka mitatu na kisima hakina mfuniko? Warsan alikuwa anatikisa kichwa kukataa. Akaacha kutikisa.

Warsan amerudi kwa Mama. Nimemsikia, sauti tamu kabisa, anasema ameshtuka kukumbuka, Aprili watoto wana madrasa. Labda Desemba, Hooyo. Insha'Allah Desemba.

Mama amesema, "Haye." Sawa. Kisha tena, "Haye."

Sasa hivi ameingia hapa. Nililifunika daftari kwa ungo, kana kwamba anasoma Kiswahili. Alichukua vikombe kabatini, akavipanga mwenyewe kwenye sinia, vinne. Macho yake ni makavu. Wiki mbili hajaniambia neno, leo ameniambia: "Chai, Shamso. Wageni wanangoja." Akatoka.

Sentensi yenyewe ni fupi. Hata kidato cha kwanza wangeitunga bila kosa: ni mimi niliyesugua. Wakiisikia, watoto wanakuja Aprili. Na mimi ninakuwa mwanamke aliyeharibu mali ya mayatima akamwachia mama yake aseme uongo, Wajir nzima, mpaka Garissa.

Abdiwali amewasha gari, anaisikiliza injini. Sinia liko tayari. Warsan anaita, abaayo, umepotelea wapi? Nimesimama na sinia, nimeliweka chini. Anaita tena —