Wifi na Ile Sumu Yake

Mwenzangu uko wapi? Sijui nicheke au nipige mtu!

Unamjua wifi yangu, anavyotuhubiria hapa nyumbani kwamba dawa ya meno ya dukani ni sumu. Akamshawishi mama yangu asugue meno kwa ndimu na unga wa mkaa. Eti asili!

Leo nimempeleka mama kwa daktari wa meno, maana hata maji ya baridi yanamchoma. Daktari kasema asidi ya ndimu imelainisha ganda la juu la meno, na mkaa unalikwangua. Arudie dawa yenye floraidi, ndiyo inayolirudishia ganda madini lisiliwe na asidi.

Tunarudi, nafungua mlango wa bafu. Wifi! Povu hadi kidevuni! Tyubu ya floraidi mkononi! Floraidi, mwenzangu! Ile sumu!

Namwuliza, "Wifi, nini hiyo?"

Anajibu macho makavu, "Mimi meno yangu hufa ganzi upesi kwa ndimu."

Yake! Ya mama yangu ni kokoto?

Mama wala hakugomba. Alichukua mswaki wake, akamnyooshea: "Niwekee na mimi hiyo sumu, mwanangu."