Gato ya Frigolite na Kiti cha Mama

Ruashi, Lubumbashi
Jumatano asubuhi

Mdogo wangu Papy,

Nakusalimu wewe, na namsalimu Mama aliye hapo Kilwa kando yako. Najua barua ikifika tu atavuta kiti na kusema, "Soma kwa sauti, nisikie." Basi anza kwa sauti.

Mama, jambo sana. Nyonga inaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyokutumia, unapaka kweli, au umeifungia sandukuni pamoja na vikombe vya wageni? Nakujua. Ipake, ikiisha nitatafuta nyingine. Na usiinue ndoo ya maji, hata ikiwa nusu.

Mimi niko mzima. Chumba changu cha Ruashi bado ni kilekile, na vumbi lilelile. Nikifagia asubuhi, saa sita ni kama sikufagia. Kazi naendelea nayo Kamalondo kwa Mama Régine, tunaoka na kupamba gato za harusi. Wiki iliyopita umeme ulikatika gato ikiwa tayari mezani, krimu ikaanza kuteleza. Mimi na dereva wetu, Papa Élie, tukaipepea kwa vifuniko vya katoni mpaka gari likawashwa. Mwanamke mpita njia akasimama mlangoni akauliza kama kuna mgonjwa ndani.

Samaki wa ziwani mliompa Mama Jolie walifika salama. Nilisonga bukari, nikawala nayo siku tatu. Siku ya kwanza majirani walikuja kunijulia hali, watu ambao tangu mwezi jana hawakujua kama niko hai. Huyo huyo Mama Jolie ndiye anayewaletea barua hii, lori lake linaondoka kesho.

Hapo ndipo sehemu ya Mama inaishia. Papy, mwambie kwamba iliyobaki ni maneno ya kazi, unga na sukari, inachosha. Sasa funga mdomo, usome kwa macho. Ukiweza toka kabisa, kaa mbali na mlango. Nitakuambia pa kurudisha sauti.

Ningekupigia simu, lakini wewe unaiweka kwenye haut-parleur, nyumba nzima isikie, hata ukiambiwa siri, na Mama habanduki hapo. Na jambo hili halifai kusikika kabla hujalikatia shauri mwenyewe. Nina hofu, Papy. Nina hofu tangu uliponiambia, na hofu yenyewe inazidi kila nikihesabu siku. Jumapili familia zetu mbili zinakaa hapo nyumbani kupanga harusi yako na Clarisse. Unataka iwe huku Lubumbashi, ndani ya ukumbi. Muuguzi amekataza Mama asipande lori kwenye barabara ile. Kwa hiyo Mama, umesema, "atafuata kwa video". Nilifikiri nimesikia vibaya, nikakuuliza tena, ukarudia vilevile. Halafu ukasema Mama hajaambiwa, mtamwambia pole pole.

Mwenye kosa la kwanza ni mimi. Ni mimi niliyekutumia zile video za kumbi. Nilikuwa najivunia kazi yangu, nikipiga picha za taa, maua, gato ya ghorofa tano, bibi harusi akiingia na moshi mweupe miguuni. Sikupiga yaliyobaki. Sasa nitakuambia yaliyobaki, na uniamini, maana kila Jumamosi mimi niko mle ndani.

Jumatatu tulikuwa tunaosha sufuria, Papa Élie akaanzisha mchezo. Akasema, "Kila muntu aseme kintu moya yenye bantu banasifu sana, kumbe haina kitu." Akaanza mwenyewe: "Mi ni chawarma. Unafungula karatasi, nyama iko wapi? Unaitafutaka na torche!" Mama Régine akasema, "Mi ni piscine ya siku ya Mungu, nyuma ya misa. Bote banaingia mu mayi, hakuna mwenye kuogelea. Banapiga tu photo." Mwenzangu Fifi akataja simu za kamera tatu, na yeye mwenyewe ndiye mwenye kamera tatu. Tulicheka mpaka sabuni ikaingia machoni. Zamu yangu ilipofika, nikiwaza harusi yako ya ukumbini, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mi ni mariage mu salle."

Mama Régine akaweka sufuria chini. "Béa, na bukari yenye unakulaka inatoka wapi?"

Ni kweli, inatoka humo. Ndiyo maana najua.

Ile gato ya ghorofa tano uliyoipenda kwenye video, ghorofa nne ni frigolite. Ile ile nyeupe nyepesi inayofungwa pamoja na televisheni isivunjike. Tunaipaka krimu juu, tunaipamba, ya kula ni kile kipande cha juu peke yake. Kwa nyuma tumepasua mahali pa kupitishia kisu ili picha itoke vizuri. Harusi ikiisha tunaikwangua, tunaiosha, Jumamosi ifuatayo inakwenda tena. Frigolite yetu imehudhuria harusi nyingi kuliko padri. Na watu wanapiga makofi, Papy! Wanasimama juu ya viti ili wapige picha ya frigolite.

Mengine ni ya namna hiyo. Wageni wanaitwa saa kumi, wenye harusi wanaingia saa mbili. Watoto wanalala mezani kabla ya chakula. Maharusi wanacheza mlangoni wimbo mzima, wanapiga hatua moja, wimbo wa pili unaanza. Muziki ni mkubwa hata shangazi zako hawawezi kusengenyana, na harusi ambayo shangazi hawasengenyani sijui ni ya nini. Mtangazaji anapiga kelele za kusifu watu asiowajua. Nimeona bwana harusi ameketi kwenye kiti kile cha kifalme, uso umemkauka, akimuuliza mpambe wake, "Tutakulaka saa ngapi?"

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Kama ni kuchoka tu na kula frigolite, ningesema ni yako, oa upendavyo.

Ni Jumamosi ya majuzi. Bwana harusi mmoja, kijana mpole, mama yake yuko mbali, kaskazini, naye hakuweza kusafiri. Wakampigia video. Mtu akatafuta pa kuiegemeza simu, akaona gato, kwa sababu ndipo penye taa. Akaiegemeza kwenye ghorofa ya chini, akaenda zake kucheza. Mimi nilikuwa nimeinama nyuma narekebisha maua. Nikasikia sauti.

"Allô? Weye njo nani?"

Nikageuka. Mama mzee, kitambaa kipya kichwani, kimefungwa vizuri kabisa. Nyuma yake wamejaa watu wa nyumbani, wamekaa kimya kama wako kanisani.

"Mi njo wa gato, mama."

"Mutoto yangu iko wapi?"

"Anakuya, mama. Bado banacheza ku mulango."

"Nigeuze kidogo basi. Mi niko naona sukari tu."

Nikamgeuza. Akaona migongo ya watu. Nikamgeuza tena, akaona spika. Akawa anasema, "Aksanti, mama, aksanti," kana kwamba nimemwonyesha kitu. Mtandao ukakatika, ukarudi, ukakatika. Kila ukirudi aliuliza kama amepitwa.

Ulipofika wakati wa kukata, mpiga picha akaniambia, "Toa hii telefone, inaharibisha photo." Nitaiweka wapi? Mwenye simu simwoni. Nikaitia kwenye mfuko wa aproni yangu. Mtangazaji akahesabu, kisu kikapita, ukumbi wote ukapiga kelele. Na mimi nikasikia, hapa tumboni kwangu, vigelegele. Yule mama alikuwa anapiga vigelegele ndani ya mfuko wangu, Papy. Peke yake. Alisikia watu wanashangilia, akajua ni saa yake. Hakuona lolote isipokuwa kitambaa cha mfuko.

Nikaitoa haraka. "Balikata?" akauliza.

"Balikata, mama."

"Gato iko butamu?"

Nikamwambia iko butamu sana. Kisha nikaenda nyuma ya ukumbi, nikalia mpaka Papa Élie akadhani nimeungua.

Tangu siku ile kila nikishika krimu namwona Mama yetu kwenye ile simu. Namwona amevaa mapema, ameketi, anaambiwa subiri. Mtandao wenu wa Kilwa unaujua mwenyewe. Tukiongea, nusu ya maneno naotea. Na hapo utakapokuwa unacheza mlangoni, ni nani atakayemgeuza Mama? Usiseme ni mimi. Mimi nitakuwa na gato.

Najua utakalosema. Utasema Béa hajaolewa, Béa ana wivu. Haya, kidogo ninao, sikufichi. Nimepamba gato za wanawake wengine kwa miaka sita na sijakata hata moja. Lakini ningekuwa na wivu na ukumbi, nisingekuwa na hofu namna hii. Utasema pia marafiki zako watakucheka, kwamba harusi ya uwanjani nyumbani ni ya watu waliokosa pesa. Wale marafiki nimewaona aina yao. Wanakula, wanauliza kama kuna bia nyingine, wanaondoka kabla ya hotuba. Na je, Clarisse umemuuliza yeye, uso kwa uso, au wewe umeamua kwamba ndicho anachotaka? Muulize kabla ya Jumapili. Nakuomba.

Jambo la mwisho, halafu niache kukuhangaisha. Mama alinipigia Ijumaa, wewe ulipokuwa kazini. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtoto mwenye siri: "Béa, sasa niko natembea mpaka ku kisima na kurudia, bila kusimama. Siku ile ntaingia mu salle na miguu yangu. Usitafute muntu wa kunishika." Kisha akaniuliza kama viti vya mbele vina mgongo.

Nilimwambia vina mgongo. Ningemwambia nini?

Kwa hiyo nasema hivi. Funga ndoa hapo kwenye parokia yetu, mle alimobatizwa kila mtu wa nyumba hii. Tutaweka turubai uwanjani. Nimeshamwomba Mama Régine ruhusa, na amekwisha kunung'unika, maana yake amekubali. Akanipa na sufuria zake mbili za kuokea, akasema, "Enda, lakini kisu yangu usiguse." Mimi nyonga zangu ni nzima, lori litanibeba. Ukitaka taa za rangi nitakuletea, hata ule moshi mweupe, nitamwuliza Papa Élie unavyotengenezwa. Utake chochote, Papy, ila usimtake Mama ndani ya mfuko wa mtu.

Chini ya hapa kuna maneno ya Mama. Nilitaka kuandika ya aina mbili: ya kumpa habari njema, na ya kumwambia kwamba hatakuwepo, ili uchague wewe ya kumsomea. Yale ya pili nimeyaanza mara tatu na mara tatu nimechana karatasi. Sikuyapata. Ukishikilia ukumbi, usisome yanayofuata. Kunja karatasi, ingia ndani, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako, ukimtazama. Ukikubali, rudi ukae palepale ulipokuwa.

Rudisha sauti.

Haya, habari za unga zimekwisha. Nawasalimu wote: shangazi wa kule forodhani anayekausha samaki, mwambieni wa safari hii hawakuwa na mchanga hata punje; mjomba katekista, aniombee barabara isilowe; mama yake Clarisse, ambaye karibu nitamwita mama, na Clarisse mwenyewe, namkumbatia.

Mama, ni Béa tena. Harusi itakuwa nyumbani, nami nakuja. Fundi wa kitenge asikiache kirefu, usije ukakikanyaga. Na kutembea mpaka kisimani kunatosha sasa, pumzika, maana mahali pa kuingia si mbali: ni kutoka chumbani kwako mpaka uwanjani. Kile kiti chenye mgongo alichotuachia Baba kikae mbele, ni chako, asikikalie mtu mwingine, hata padri. Nitaleta unga na sukari. Gato itakuwa moja, ndogo, na ni ya kula mpaka chini. Kipande cha kwanza ni chako, nawe utasema mwenyewe kama iko butamu. Papy utamwona vizuri ukiwa umeketi hapo hapo, bila mtu wa kukugeuza.

Mtoto wako anayenukia vanila hata akioga,
Béa