Maji ya Tatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limepunguza maneno. Mimi sijambo, ila kazi ya maabara imenifanya ninuke spiriti hadi kwenye mto wa kulalia. Najua anayekusomea ni mdogo wangu, maana miwani uliikalia na mpya hutaki kusikia. Namsalimu sana, na namwomba asiruke mstari hata mmoja. Nazijua haraka zake.

Mama, tunapima viazi mwitu. Ndiyo, vilevile vyako. Mkuu wetu wa utafiti, mwanamke mfupi asiyecheka ovyo, anataka kujua kama vinafaa kuliwa. Nikamweleza ulivyokuwa ukifanya: kukata vipande vyembamba, kuloweka siku tatu, kila siku maji mapya, kisha kugusisha kipande kwenye ncha ya ulimi kabla sufuria haijapanda jikoni. Kikiwasha, unaloweka tena. Wenzangu walicheka kidogo. Yeye alisema tufanye hivyohivyo, tupime kila hatua.

Vipande vilivyotoka maji ya kwanza vilijaa sumu. Vya maji ya pili bado vingeweza kumlaza mtoto hospitali. Vya maji ya tatu, mashine haikuona kitu, na tena vina madini ya chuma kuliko viazi tunavyonunua sokoni. Mama, mashine yenyewe imetengewa chumba chake chenye baridi kama bibi harusi, na jibu inatoa baada ya siku mbili. Ulimi wako ulikuwa unajibu papo hapo. Mkuu alivua miwani, akaniambia, "Mwambie mama yako amenitangulia." Nilitembea kifua mbele siku nzima.

Jana akatupa fomu. Moja ya maswali lilikuwa kama kuna mtu wa nyumbani kwetu aliyewahi kudhurika na viazi hivi, na viliandaliwaje. Kalamu ikanigomea.

Siku ile ulipokwenda kumuuguza bibi, uliniachia niweke maji ya tatu. Sikuweka. Nilikuwa naruka kamba na wenzangu. Uliporudi umechoka ukaniuliza kama nimeweka, na kama nimeonja. Nikasema ndiyo. Ukaniamini, ukapika. Sote tulitapika, lakini mdogo wangu alilazwa wiki mbili. Majirani wakakuita Mama Sumu, na mpaka leo kwenye shughuli za watu unaachiwa kuosha vyombo tu. Ukasema huenda ulikosea mwenyewe, ukaacha kuvipika. Nami nikakutazama ukisema hivyo, nikanyamaza miaka kumi na tisa. Naona aibu, mama. Hukukosea kitu.

Nimejaza fomu kama ilivyokuwa, na jina langu nimeliandika. Mkuu anaomba uje utufundishe. Gari la ofisi litakufuata mwanzoni mwa mwezi. Kama hutataka kuniona, nitakaa chumba kingine mpaka umalize.

Mdogo wangu, kama uliishia kwenye kifua mbele ukasema barua imekwisha, rudi. Wewe ndiye uliyeumia, na una haki ya kunikasirikia, lakini kwanza msomee mama yote. Halafu fungua mlango, uwasomee na majirani.

Nawasalimu wote hapo nyumbani, na shangazi akipita mpe shikamoo yangu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
niliyesema ndiyo.